Tumbo Lisilo na Jina

Wiki hii sizungumzii pasipoti, wala harusi, wala namna ya kumjibu shangazi anayeuliza utaoa lini. Nazungumzia tumbo langu. Najua, najua. Lakini soma mpaka mwisho, hasa kama wewe ni mwanamume, au una baba au kaka ambaye tumbo lake linachekwa kila Idi.

Kwa kifupi: misuli ya mbele ya tumbo langu imeachana. Madaktari wanaita diastasi rekti. Ile misuli ambayo watu wa jimu wanaionyesha Instagram ni mikanda miwili iliyosimama wima, mmoja kulia, mmoja kushoto, kutoka kwenye mbavu na mfupa wa kifua mpaka kwenye kinena. Katikati imeunganishwa na utepe mgumu unaoitwa kwa Kilatini linea alba, yaani mstari mweupe. Utepe huo ukivutika ukawa mpana na mlegevu, mikanda inakaa mbalimbali. Hakuna kilichochanika, hakuna tundu. Kwa kawaida nafasi ikizidi kama sentimita 2 ndipo wanasema unayo.

Niliambiwa nikiwa na miaka 36. Nilikuwa nimepungua kilo 19, uso umekonda, suruali zinaniteremka, lakini hapa juu ya kitovu tumbo bado limesimama. Kila nikijiinua kutoka kitandani kinatokeza kitu kirefu katikati, kama mkuku wa mashua iliyopinduliwa. Mkuku ni ule mti mrefu wa chini ya chombo, kama hujapata kuona mashua ikipakwa mafuta ufukweni. Nikilala chali bila kujikaza, kinapotea. Na kiuno kinauma, siku zile za kukaa mbele ya kompyuta saa nane ndiyo usiseme.

Wengi wetu tukisikia habari hii tunafikiria wanawake waliojifungua. Ni kweli, ujauzito ndiyo sababu inayojulikana zaidi. Lakini ukuta wa tumbo haujui nani anausukuma. Kwa mwanamume msukumo unaweza kuwa mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo kwa miaka, uzito unaopanda na kushuka, kunyanyua vitu vizito huku umebana pumzi, au umri tu. Wengine maumbile yao ndiyo hivyo, tishu zao ni laini.

Kumwambia daktari ilikuwa rahisi. Dakika kumi, kwa Kiingereza, kwisha. Kazi ilikuwa kumwambia mama.

Sisi tuliozaliwa huku tunajua shida hii. Kiswahili chetu ni cha jikoni na sebuleni, cha salamu na cha kugombezwa. Ukitaka kusema jambo la mwilini unakuta kabati tupu. Nikajaribu hivi, kwenye simu:

"Mama, misuli ya tumbo imeachana."

"Imeachana? Kwani ilioana lini?"

Alicheka, nikacheka na mimi. Kisha akashusha sauti, na nilijua ameshusha kwa sababu baba yuko karibu. "Mwanangu, ni ngiri?"

Hapo ndipo penye mzigo wenyewe. Kwetu mwanamume mwenye tumbo ana majina matatu tu. La kwanza ni kitambi, na hilo ni sifa nusu na dhihaka nusu: mambo yamekunyookea, mke anakupikia. La pili ni mzaha wa mimba, "una miezi mingapi?", ambao kila ami anadhani ameubuni yeye. La tatu ni ngiri, na hilo halina mzaha. Ukipita mitaani Dar utaona vibao vya dawa za kienyeji vimeandika ngiri na nguvu za kiume pamoja, kama mapacha. Kwa hiyo mtu akinong'ona "ana ngiri", hasemi habari ya tumbo peke yake. Anasema habari ya ndoa yako. Ndiyo maana wanaume wetu wanakaa nalo kimya, shati nje, miaka na miaka.

Nikamwambia si ngiri. Ngiri ni pale ukuta unapopata tundu au sehemu dhaifu, na kitu cha ndani kama utumbo kikachungulia nje. Hii yangu ukuta ni mzima, umelegea tu katikati. Ni kweli mtu anaweza kuwa na vyote viwili, hasa ngiri ya kitovu, ndiyo maana daktari alinipapasa kwanza na kunipeleka altrasaundi. Mama kimya. Bado hajanielewa. Nikatafuta, nikatafuta, mpaka nikalipata neno.

"Mama, ni lile jambo ambalo nyinyi mlikuwa mnafungiwa mkaja."

"Aaa!" akasema. "Tumbo limefunguka. Si ungesema hivyo?"

Mkaja, kwa wasiojua, ni kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, siku zile za arobaini. Bibi zetu hawakuwa na altrasaundi, lakini walijua tumbo lililobeba linahitaji kushikwa. Na si hivyo tu: katika posa, mkaja pia ni jina la zawadi anayopewa mama wa bibi harusi. Lugha yetu imelipa tumbo la mama kitambaa, siku arobaini na heshima yake. Tumbo la baba imelipa jina la kitambi basi. Silalamiki, mama zetu wanastahili. Nasema tu kwamba neno lilikuwepo, lilikuwa chumba cha pili, na ilibidi nigonge mlango wa wanawake kulipata.

Sasa, kinachofanyika ni nini? Mfiziotherapia wangu, dada mmoja mkali mwenye subira, alinianzisha na kupumua. Unalala chali, magoti umekunja, unatoa pumzi taratibu huku unavuta kitovu ndani kama unafunga zipu ya suruali inayobana. Lengo ni msuli wa ndani kabisa, ule unaozunguka tumbo lote kama mshipi. Ukishapata nguvu ndipo unaongeza: kuinua mguu mmoja, mkono na mguu, hatua kwa hatua. Yale mazoezi ya kujikunja ya jimu aliniambia niyaweke kando kwa sasa, na kanuni yake ni moja: zoezi lolote likiinua ule mkuku, bado hujalifikia.

Mengine ni ya maisha ya kila siku. Kutoka kitandani nageuka ubavu kwanza, kisha najisukuma kwa mkono. Kunyanyua kitu, natoa pumzi, sibani. Nikisimama kutoka kwenye sijida nafanya hivyohivyo, pumzi nje, mkono gotini. Nilimwuliza kuhusu kuvaa mkanda wa tumbo. Akasema unasaidia kushikilia na kupunguza maumivu, lakini haufanyi kazi ya misuli kwa niaba yako.

Kuna upasuaji pia, wanaishona ile mikanda irudi karibu. Hapa Uingereza, NHS kwa kawaida huuhesabu kuwa wa urembo na haigharamii, kwa hiyo wengi wanaoutaka wanalipa wenyewe. Mimi sijaufikiria sana. Baada ya miezi saba nafasi yangu imetoka vidole vitatu hadi viwili na kidogo. Tumbo halijawa bapa, na huenda lisiwe. Lakini kiuno kimetulia, na binti yangu wa miaka mitatu, ambaye kwa muda nilikuwa namwambia "baba anaumwa, panda sofani", sasa anapanda mabegani.

Ukitaka kujijaribu: lala chali, kunja magoti, weka vidole juu ya kitovu, inua kichwa kidogo. Ukihisi bonde kati ya kingo mbili, au ukiona mkuku unainuka, muone daktari au mfiziotherapia apime vizuri. Na hili lishike sana: ukiwa na uvimbe mgumu unaouma, haurudi ndani ukiusukuma, au unatapika pamoja nao, usingoje miadi wala dawa ya mtu yeyote. Nenda hospitali ya dharura siku hiyohiyo. Hiyo inaweza kuwa ngiri iliyobana utumbo, nayo haisubiri.

Wiki moja baada ya ile simu, baba alinipigia mwenyewe. Ana miaka 71, na kwa kawaida simu ya baba ni dakika mbili: hali ya hewa, mtoto, kwaheri. Safari hii alizungukazunguka, akauliza kazi, akauliza gari. Mwisho akasema, "Mama yako kanieleza. Hivyo vidole unaweka juu ya kitovu au chini?"

Nikamwambia juu, baba. Lala kwanza, kunja magoti. Nikasikia anaiweka simu kando, nikasikia kitanda, kisha kimya kirefu.

"Vinne," akasema.

Ana miadi Jumanne. Nitampeleka mimi. Episodi ya mwezi ujao tutazungumza na mfiziotherapia anayeongea Kiswahili, kwa hiyo tuma maswali, na kama bibi yako ana neno lake kwa jambo hili, tuma na hilo neno pia.