Bandari Bubu na Mtu wa Dago

Mpaka wa Tanzania na Kenya baharini haukuwekwa jana. Serikali mbili hizi ziliafikiana kwa barua zilizoandikiana Desemba 1975 na Julai 1976, na mstari ukapita katika mkondo ulio baina ya Pemba na pwani ya Vanga na Shimoni. Wadhanio kwamba mstari huo ulimsahau mvuvi hawakuusoma mkataba. Ndani yake imo ruhusa kwa wavuvi wenyeji, wavuao kwa riziki yao, kuvua hadi maili 12 za bahari kila upande, kwa kufuata kanuni zilizopo.

Twaikumbusha ruhusa hiyo kwa sababu kila inapovuma habari ya magendo ya karafuu, wa kwanza kushukiwa ni mtu wa dago, mwenye mashua ya tanga na nyavu kuukuu. Mlanguzi yeye hungoja usiku wa giza, na boti yake ni ya mashine.

Hatusemi magendo yaachwe. Gunia livushwalo kwa siri haliichangii shilingi hata moja shule wala hospitali ya Pemba. Isitoshe, bandari bubu haichagui mzigo: ipitishayo karafuu leo itapitisha dawa za kulevya kesho. Anayemficha mlanguzi kijijini kwa kuwa ni jamaa yake anaihujumu nchi, na hilo wavuvi wenyewe walijue.

Lakini doria peke yake haikupata kuyamaliza magendo haya. Zama zile bei ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar ilipokuwa duni mno kuliko ya Mombasa, karafuu zilivuka pamoja na kuwapo kwa kikosi ambacho jina lake lenyewe ni la kuzuia magendo. Bei ilipopandishwa mwaka 2011, mkulima alikuwa na sababu ya kuzipeleka kituoni. Mlinzi huyo hali mafuta ya boti!

Tena wavukao si wafanyabiashara tu. Januari 2001 watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni kwa kuhofia roho zao. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa raia Wapemba waliolowea huko kwa miaka mingi. Mtu mwenye mjomba Kwale na mama Micheweni atavuka tu. La kuamuliwa ni kama atavuka kwa hati au kwa kunyemelea.

Kwa hiyo twaiomba Idara ya Uhamiaji ipeleke maofisa wake katika madiko madogo ya kaskazini mwa Pemba msimu wa dago, watoe hati hapo hapo kwa ushahidi wa sheha, ambaye anamjua kila nahodha na mabaharia wake. Chombo kiandikwe namba iliyo wazi, na orodha wapewe walinzi wa pande zote mbili. Kaskazi ikishaanza kuvuma, wavuvi hawatangoja vikao.