Kiweko Kisicho na Waya na Hesabu Isiyosemwa

Mashine za kwanza za michezo ya video ziliuzwa zikiwa na vidhibiti vilivyofungwa kwa waya. Katika mashine ya Famicom, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwaka 1983, waya wa kidhibiti uliingia moja kwa moja ndani ya mashine, wala mchezaji hakuweza kuuchomoa. Mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo ilitoa kidhibiti kilichoitwa WaveBird, kilichopeleka amri za mchezaji kwa mawimbi ya redio na kupata nguvu yake katika betri mbili ndogo. Waya wa mawasiliano ukawa umeondoka. Lakini mzigo ukituliwa kichwani hauna budi kuwekwa mahali: mahali pa waya wa mawasiliano pakaja waya wa kuchajia betri. Na sasa soko linatangaza viweko vya kuchajia vinavyosemwa kuwa "havina waya", ambavyo mchezaji huweka kidhibiti juu yake na kwenda zake kulala. Yafaa jambo hili lipimwe kwanza kwa mizani ya sayansi, kisha ndipo lipimwe kwa mizani ya tangazo.

Kanuni yenyewe si ngeni

Mwaka 1831, huko London, Michael Faraday alizungusha nyaya mbili za shaba katika pete moja ya chuma, kila waya upande wake, pasipo kugusana. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano ya kipimo kilichofungwa katika waya wa pili ilishtuka kwa nukta moja, kisha ikatulia. Alipoutenga na betri, ilishtuka tena. Kwa hiyo akatambua kwamba nguvu ya sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio jirani. Transfoma zote za leo, kubwa na ndogo, ni wajukuu wa pete hiyo.

Kiweko cha kweli kisicho na waya ni transfoma iliyopasuliwa vipande viwili. Koili moja imo ndani ya kiweko, nyingine imo ndani ya kifaa kinachochajiwa. Mkondo geu hupita katika koili ya kwanza na kugeuka zaidi ya mara laki moja kwa nukta. Sumaku inayobadilika huvuka nafasi ya milimita chache na kuzaa mkondo katika koili ya pili. Nao hunyooshwa kabla ya kuingia katika betri. Muungano wa makampuni ulioundwa mwaka 2008 ulitoa mwaka 2010 kanuni za pamoja za uchajishaji huo, ziitwazo Qi, nazo ndizo zinazotumika zaidi katika simu.

Jina na kitu

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kusimama. Vidhibiti vikuu vya mashine za michezo, kama vile DualSense wa Sony na kile cha mashine za Xbox, ambavyo vyote vilitolewa katika sura yake ya sasa mwaka 2020, haviuzwi vikiwa na koili ya kupokelea umeme ndani yake. DualSense una vituo vidogo vya madini upande wa chini, na kiweko chake hugusana na vituo hivyo. Kidhibiti cha Xbox huuzwa kikitumia betri mbili za kawaida, na mwenye kutaka kukichaji hununua betri nyingine ya kuweka mahali pake. Kwa hiyo viweko vingi vinavyoitwa "visivyo na waya" havina sumaku yoyote inayovuka hewa. Ni madini kugusa madini, kama betri inavyogusa chemchemi ya tochi. Waya haukuondolewa, umefupishwa mpaka ukabaki ncha.

Sababu yake inaeleweka. Koili hupenda kutazamana na mwenzake, bapa kwa bapa, kwa karibu sana. Simu ni bapa. Kidhibiti kina mikono, mabonde na vilima vilivyochongwa kufuata kiganja. Koili zikipishana kidogo tu, umeme mwingi hupotea njiani. Mhandisi aliyechagua vituo vya madini hakukosea, bali alichagua vema. Kosa ni la yule anayebandika jina la ufundi mmoja juu ya ufundi mwingine, kwani mnunuzi aliyelipia koili akapewa ncha za madini hana njia ya kulinganisha bei na thamani.

Hesabu ya umeme

Kuhusu viweko vyenye koili kweli, hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba vinapoteza umeme. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini imewekwa mahali pasipo pake. Betri ya DualSense ina uwezo wa miliampea-saa 1,560 kwa volti 3.65, yaani wati-saa 5.7 hivi. Ichukuliwe kuwa njia ya waya hufikisha sehemu 90 katika kila 100 za umeme, na njia ya koili sehemu 70. Ya kwanza itatumia wati-saa 6.3, ya pili 8.1. Tofauti ni wati-saa 1.8. Mtu akichaji kila siku mwaka mzima, hasara yake haifiki uniti moja ya umeme.

Hasara kubwa zaidi imejificha kwingine. Kiweko hukaa katika soketi usiku na mchana, kikisubiri. Kikinywa nusu wati tu wakati hakuna kitu juu yake, kwa saa 8,760 za mwaka kitakuwa kimekula karibu uniti 4.4, na hali kidhibiti chenyewe kilihitaji uniti 2 hivi kwa mwaka wote. Mlinzi wa ghala amekula kuliko mwenye ghala. Kwa nyumba moja si kitu. Kwa nyumba milioni moja ni uniti milioni nne na zaidi, zilizozalishwa, zikasafirishwa na kulipiwa ili kifaa kisubiri. Wala hasara hii si ya koili peke yake: kiweko cha madini nacho, kama hakikuundwa kwa uangalifu, kina tabia hiyo hiyo.

Joto na umri wa betri

Umeme uliopotea hautoweki. Hugeuka joto, na sehemu ya joto hilo huzaliwa kando ya betri yenyewe. Betri za lithiamu huzeeka upesi zaidi zikiwa na joto, na tena huzeeka zikikaa siku nyingi zimejaa kabisa. Kiweko kinachokaribisha kidhibiti kulala juu yake kila usiku kinaweza kukusanya maovu hayo mawili pamoja. Mchezaji huambiwa kwamba kiweko kinalinda tundu la kuchajia lisilegee kwa kuchomekwa mara kwa mara. Ni kweli, kinalilinda. Lakini tundu lililolegea fundi huweza kulibadilisha kwa dakika chache na kwa chombo cha kulehemu risasi. Betri iliyochoka ndani ya kifaa kilichofungwa ili kisifunguliwe huweza kukipeleka kifaa kizima jalalani, kikiwa na vifungo vizima na gamba lisilo na mkwaruzo. Katika vibanda vya michezo ya video vya miji ya Afrika Mashariki, ambako mchezaji hulipia muda na kidhibiti hupita mikono mingi kwa siku, mwenye kibanda analijua jambo hili bila kufundishwa: kinachomtia hasara ni kile kisichotengenezeka.

Pasipo waya panapofaa

Haifai kuhukumu ufundi wote kwa kosa la matumizi mamoja. Mswaki wa umeme huchajiwa kwa koili kwa sababu hutumika penye maji, na vituo vya madini vilivyo wazi vingeshika kutu. Vipo pia vifaa vya tiba vinavyowekwa ndani ya mwili na kuchajiwa kupitia ngozi. Hapo waya ungekuwa mlango wa maradhi. Na hata katika michezo, mtu ambaye vidole vyake ni dhaifu au vinatetemeka hupata uhuru wa kweli anapoweza kuweka kidhibiti mahali pake bila kutafuta tundu dogo. Kwake yeye, wati-saa mbili zilizopotea ni bei ndogo mno. Teknolojia hupata heshima yake inapojibu haja, wala si inapobuni haja ili ipate kuijibu.

Yanayopaswa kudaiwa

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeonyesha kwamba sheria inaweza kuingia hata katika mambo madogo kama haya. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya na mashine za michezo za kushika mkononi zinazochajiwa kwa waya hazina budi kuwa na tundu la aina moja, la USB-C. Sheria nyingine, ya mwaka 2023, imepanga tarehe 18 Februari 2027 kuwa mwanzo wa wajibu wa kutengeneza vifaa vya kubebeka ambavyo betri zake mtumiaji mwenyewe aweza kuzitoa na kuzibadilisha. Sheria hiyo ya pili inagusa kiini cha jambo kuliko kiweko chochote.

Kwa hiyo madai ya haki ni matatu. Kwanza, karatasi ya kiweko iseme wazi kama kinatumia koili au madini. Pili, iseme kinakula umeme kiasi gani kikiwa kinasubiri. Tatu, kidhibiti kisinyang'anywe tundu lake wala betri yake isifungiwe ndani, hata kiweko kiwe kizuri namna gani. Mnunuzi akipewa hayo, atachagua mwenyewe kati ya raha na gharama, na uchaguzi wake utakuwa wa mtu aliyeelimika. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kiweko kilicho chema hakitaogopa kuandikwa hesabu yake ubavuni.