Flashi Draivu Yako, Lakini Usicheze na Harusi ya Mtu

Wasee, najua wengi wenu laptop zenu hazina hata mahali pa kuingiza DVD. Lakini nipeni dakika tatu tu, kwa sababu hii stori inamhusu mtu yeyote anayependa kufungua vifaa vyake, iwe ni simu, ruta au TV.

Anko wangu hupiga video za harusi na mazishi. Vijana wanataka linki kwa simu, lakini wazee kule ushago bado wanataka DVD. Mimi ndiye nilikuwa nachoma hizo DVD. Shida ikawa moja: diski tulizokuwa tunanunua zilikuwa za aina ya DVD+R, na deki kadhaa za zamani zikiona hiyo alama zinakataa kabisa. Video iko sawa, diski haina hata mkwaruzo, lakini deki inasema hakuna kitu. Shosho ameshavaa miwani, majirani wamekaa, na hakuna harusi.

Hapo ndipo nilijua kuhusu programu dhibiti zisizo rasmi. Programu dhibiti ni ile programu ndogo inayokaa kwenye chipu ndani ya draivu. Ndiyo huamua leza iwake kwa nguvu gani, diski izunguke kwa kasi gani, na ni nini umekatazwa kufanya. Kampuni huandika yake. Halafu kuna wajuaji mtandaoni ambao huifungua, huirekebisha na kuigawa bure.

Nikaweka moja kwenye draivu ya anko. Ilikuwa na kitu ambacho ile ya kampuni haikuwa nacho: ilichoma DVD+R huku ikiiandikia alama ya DVD-ROM, yaani kama diski iliyotoka kiwandani. Deki za ushago zikaanza kucheza. Manze, nilijiona injinia.

Kwa hivyo sitawadanganya eti hizi programu ni mbaya. Angalia pia mambo ya kanda. Dunia iligawanywa, na DVD ya filamu inaweza kufungwa kwa kanda moja: Marekani ni 1, Uingereza ni 2, Kenya ni 5. Draivu za kompyuta zilizotengenezwa kuanzia 2000 hukuruhusu kubadilisha kanda mara 5 pekee, halafu zinajifunga hapo hapo. Sasa shangazi amekutumia DVD orijino kutoka Uingereza, draivu umenunua na pesa yako, na bado unaambiwa huwezi. Mtu akiondoa hiyo kufuli aone filamu aliyolipiwa, mimi simlaumu. Kampuni zikikuuzia kitu, ziache kukaa ndani yake kama landlord. Ila kuchoma muvi za watu na kuziuza stendi ni wizi, hata draivu iwe ni yako.

Shida yangu ilianza nilipopata tamaa. Nikaiflashi tena, safari hii na toleo lililoruhusu diski za 8x kuchomwa kwa 16x. Kazi ya jioni nzima ikawa inaisha mapema. Kompyuta ikisema imekamilika, natoa diski, naandika jina la maharusi, naweka nyingine.

Kitu sikujua ni hiki. Kila diski tupu ina kodi ya kiwanda, na programu dhibiti ina orodha inayosema kodi hii ichomwe vipi. Ukilazimisha kasi, draivu inachoma diski ya bei rahisi kwa mtindo ambao haikutengenezewa. Na DVD huandikwa kutoka katikati kwenda nje, ambapo kwa kasi hizo za juu draivu hufika mwendo wake mkali zaidi karibu na ukingo. Kwa hivyo makosa hujazana mwisho wa video. Na neno "imekamilika" linamaanisha draivu imemaliza kuandika. Halimaanishi kwamba kilichoandikwa kinasomeka.

Sasa niambie, mwishoni mwa harusi kunakuwanga na nini? Baraka za wazee.

Miezi kadhaa baadaye familia moja ikarudi. DVD yao inaganda pale babu ya bibi harusi anaposhika maiki. Nilijaribu kwa draivu tatu. Nikaomba kopi walizopewa jamaa wengine, zote zinaganda hapo hapo. Kadi ya kamera tulikuwa tumeshaifuta tukafanyia kazi nyingine. Na huyo babu alikuwa ameshaaga dunia. Anko alirudisha pesa yote, lakini si pesa walikuwa wamekuja kutafuta.

Watu wakiongea juu ya hatari, hutaja draivu kufa. Ni kweli: stima ikipotea katikati ya kuflashi, au ukiweka faili ya modeli nyingine, inaweza kukataa kuamka tena. Waranti nayo unaisahau. Na ile programu ya kuflashi imetoka kwa mtu usiyemjua, inaomba ruhusa zote za kompyuta yako, kwa hivyo inaweza kuja na virusi. Lakini draivu ikifa, unaona imekufa. Yangu ilikuwa inaniambia kila kitu kiko sawa, na ndiyo maana iliharibu kazi nyingi kabla nijue.

Msimamo wangu sasa uko hivi. Kama unaflashi ndio kifaa kikufanyie kile ulilipia, fanya. Soma modeli mara mbili, tumia laptop yenye betri imejaa, na kwanza uweke kopi ya programu ya zamani kama draivu inaruhusu. Kama unaflashi kwa sababu ya kasi tu, wacha. Na usijaribu kwa draivu inayofanya kazi za watu. Chukua ile ya mtumba, na kila diski uisome hadi mwisho kabla ufute orijino. Hata diski zenyewe zinaanza kuadimika: Sony iliacha kutengeneza Blu-ray tupu Februari 2025.

Ile ya DVD-ROM bado naitumia, na deki za ushago bado zinacheza. Ile ya kasi niliitoa siku hiyo hiyo familia iliporudi. Siku hizi nachoma polepole, na naangalia kila harusi mpaka mwisho, pamoja na baraka zote.