Rangi Haiponyi Kutu

Katika nyua nyingi za miji yetu, chini ya mwembe au nyuma ya jiko, limo gari la zamani ambalo halijatembea kwa miaka mingi. Mara nyingi ni Volkswagen lile lenye umbo la kobe, alilolinunua baba au babu enzi za ujana wake, na hakuna mtu nyumbani anayethubutu kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Matairi yamekwisha upepo, kuku wametaga chini ya kiti, na rangi imepauka isijulikane tena kama ilikuwa buluu au kijani. Siku moja kijana wa nyumba hiyo hupata kazi, akapokea mshahara, na wazo la kwanza linalomjia ni kununua kopo la rangi. Juma hili tunamwomba kijana huyo aliache kopo hilo dukani kwanza.

Si kwamba gari lenyewe halistahili. Magari ya umbo hili yalianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1938, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, mwezi Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Hapa Afrika ya Mashariki yalishinda mashindano maarufu ya Safari miaka ya 1954, 1957 na 1962, wakati barabara nyingi zilikuwa za vumbi na matope. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa upepo, hivyo hakuna rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka. Aidha, madigadi yake yote manne yamefungwa kwa bolti, na bodi nzima imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yake. Mtu mwenye spana, kivuli na subira anaweza kulifungua kipande kimoja kimoja uani kwake. Anayetaka kulifufua gari la namna hii hafanyi upuuzi.

Lakini yampasa ajue adui yake. Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Ndiyo maana gari lililokaa Tanga au Dar es Salaam huliwa upesi kuliko lililokaa Dodoma. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Ukiipaka rangi juu yake, itaendelea kula kimya kimya huku ikivimba, hata rangi iinuke kama malengelenge na kubanduka. Puti nayo, ile tunayosawazishia mabonde ya bati, hunyonya unyevu. Ukiijaza katika tundu la kutu huwa umeiwekea kutu akiba ya maji. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo kitamuumbua. Na katika gari, kifo hicho chaweza kuwa cha abiria.

Tazama kwanza chini ya milango. Katika Volkswagen hili kuna mifereji miwili ya bati, mmoja kila upande, iliyotengenezwa kupitishia hewa ya joto kutoka kwenye injini. Kwa kuwa kwetu joto ni tele, wengi hudhani mifereji hiyo haina kazi. Hilo ni kosa kubwa. Mifereji hiyo ndiyo mihimili inayolibeba bodi, nayo ikioza gari hupinda katikati. Dalili zake ni mlango unaolegea, usiofunga ila kwa kubamizwa, au ambao ufa wake ni mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Chukua bisibisi uchokonoe taratibu kwa chini. Chuma kizima hulia na kukataa, bali kilichooza huingilika kama kaki. Kisha nyanyua kiti cha nyuma uitazame sakafu mahali panapokaa betri, kwa maana asidi na maji ya miaka mingi hupatoboa mara nyingi.

Ukikuta uozo katika mifereji au sakafu, tundu hilo halizibwi kwa puti, kitambaa wala kipande cha kopo. Bati bovu hukatwa hadi kufikia chuma kizima, kisha hushonelewa bati jipya kwa moto. Kazi hiyo mpe fundi wa kuchomelea anayeifahamu, nawe usimame naye uone mambo matatu yametimizwa. Kwanza, betri iwe imekwisha kuondolewa. Pili, tangi la petroli, ambalo katika gari hili liko mbele, liwe limefunguliwa na kuwekwa mbali. Wala usidanganyike kwamba tangi tupu ni salama, kwa maana mvuke uliobaki ndani yake ndio unaolipuka. Tatu, kabla ya mfereji kukatwa, nafasi ya mlango ifungwe kwa vyuma vya kuishikilia, la sivyo bodi itapinda na mlango hautafunga tena milele.

Hapo ndipo kazi ya mwenye nyumba inapoanza. Osha bati lote kwa sabuni, kisha lifute kwa dawa ya kuondolea mafuta kabla ya kupiga msasa, kwa sababu nta na grisi zikisuguliwa huzama ndani ya mikwaruzo, na rangi itakapofika hapo itajitenga na kuacha vijishimo. Kutu ya juu juu iondoe kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, na siku hiyo hiyo ukipake praima ya kuzuia kutu. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja katika hewa ya pwani, asubuhi kimekwisha badilika rangi. Puti iwe nyembamba, isizidi milimita 3 au hivi. Bonde likiwa na kina zaidi ya hapo, linyooshwe kwa nyundo kwanza. Anza na msasa mkali wa namba 80 juu ya puti, endelea na 180, halafu 320, na umalizie praima kwa msasa wa maji wa namba 400 au 600. Funga msasa kwenye kipande cha ubao ulionyooka, kwa maana vidole huchimba mifereji ambayo rangi itaitangaza juani.

Ukitaka kujua rangi ya asili, usitazame nje ambako wapakaji watatu au wanne wamekwisha pita. Tazama chini ya dashibodi, au nyuma ya kisanduku cha kuwekea vitabu, mahali ambapo jua wala brashi havikufika. Kisha chagua siku kavu. Wakati wa masika mvuke wa hewani hunaswa katika rangi ikaganda na weupe kama ukungu, na kompresa hupuliza matone ya maji usipoweka chujio la kuyanasa. Shika bunduki ya rangi umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono utembee sambamba na bati, na kila mpulizo ufunike nusu ya ule uliotangulia. Tabaka tatu nyembamba zina faida kuliko moja nzito inayochuruzika.

Ndugu msomaji, ukurasa huu ni wa familia, kwa hiyo lililo zito kuliko yote tumelitenga peke yake. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Ukizisugua kavu, vumbi lake hutua kwenye sufuria, kwenye nguo zilizoanikwa, na kwenye mikono ya mtoto anayetambaa. Na sumu ya risasi huudhuru ubongo wa mtoto kwa namna isiyorudishwa na dawa yoyote. Sugua kwa maji, kusanya tope lake, watoto wahame uani siku hiyo, na nguo zako za kazi zifuliwe peke yake. Breki na klachi za magari ya zamani nazo huweza kuwa na asbestosi. Usipulize vumbi lake kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Rangi za kisasa zinazochanganywa na dawa ya kugandisha zina hatari yake pia. Nyingi zina kemikali iitwayo aisosayaneti, ambayo ukiivuta wakati wa kupuliza yaweza kukuachia pumu ya maisha. Kitambaa puani hakiizuii, wala barakoa ya vumbi. Pengine hutasikia lolote mchana, kikohozi kikaja usiku. Rangi hizo zipulizwe katika gereji yenye chumba maalumu na vifaa vya kumpa mpulizaji hewa safi. Nyumbani tumia rangi isiyohitaji dawa hiyo, hata kama mng'ao wake ni pungufu kidogo, vaa barakoa yenye chujio la mvuke, na upulize mahali penye hewa nyingi. Jiko la mkaa lizimwe na sigara isiwashwe, kwa sababu mvuke wa thina hutambaa chini kuutafuta moto.

Gari likisha kukauka, usisahau mpira unaozunguka mabati ya injini. Wapakaji wengi huung'oa na kuutupa, wakiuona ni takataka. Kazi ya mpira huo ni kuizuia hewa ya moto iliyo chini isipande tena kwenye feni. Ukikosekana, injini hujipikia mwenyewe, na gari linalong'aa husimama njiani.

Basi, kabla ya senti moja kutumika, kaeni mke na mume na hata vijana wenu, muandike gharama kwa utaratibu huu: kuchomelea, breki, matairi, na rangi iwe ya mwisho. Fedha zikiishia kwenye breki, gari litatembea likiwa limepauka, nanyi mtafika salama. Na ikiwa siku moja mtaliuza, mwonyesheni mnunuzi mahali palipochomelewa. Naye ana watoto atakaowapakia.

Jumapili ijayo tutatazama viti vya gari hilo hilo: jinsi ya kukaza springi na kushona vitambaa vipya kwa cherehani ya nyumbani.