Herufi F kwenye kichwa cha bolti

Jamani, kuna watu wazima wanagombana kwa sababu ya bolti, na mimi nimeshachagua upande.

Gari lenyewe ni Jeep ya Vita Kuu ya Pili. Msicheke: kwenye karatasi za jeshi la Marekani iliitwa lori, lori la robo tani. Willys walizitengeneza, na Ford nao wakapewa sehemu ya kazi. Za Ford ziliitwa GPW, 1942 hadi 1945, na Ford waligonga herufi F kwenye vipuri vyao, mpaka vichwa vya bolti! Leo anayefufua GPW anazichambua F hizo kwenye chuma chakavu kama anayetafuta pete mchangani.

Sasa zinauzwa bolti mpya zenye F. Hapo ndipo ninapokataa. Ya zamani iloweke kwenye mafuta, isugue kwa brashi ya waya, pitisha nati nzima taratibu mpaka nyuzi zisafike, irudishe ilikotoka. Umeikosa? Weka isiyo na herufi, lakini usishindilie M8 kwenye tundu la 5/16 ya inchi. Unene unakaribiana, nyuzi hazifanani, na utaua tundu lililovuka miaka themanini.

Usukani na breki ni habari nyingine. Hapo funga mpya yenye nguvu inayotakiwa, hata kama mistari ya kichwani inaonyesha ni ya juzi. Zile F ulizotoa zitie kwenye kopo, uandike zilifungwa wapi.