JINA NA MAANA YAKE: Neema

Mwezi uliopita tuliangalia jina la Bahati, na wengi mlinisimamisha njiani mkisema sasa ni zamu ya jina la mabinti. Basi mwezi huu tunaangalia jina ambalo ukiliita kwenye foleni ya maji, wanageuka watu wanne: Neema.

Nilichagua jina hili kwa sababu ya mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Siku moja baada ya masomo alibaki nyuma, akaniambia: "Mwalimu, mimi nataka kubadilisha jina. Wenzangu wananicheka. Wanasema, Neema gani na mgao umepungua?" Nilikosa jibu. Nilimwambia anipe muda. Hili ndilo jibu langu kwake, na kwa akina Neema wote wa kambi hii.

Jina limetoka wapi?

Neema ni neno la Kiswahili lililotoka katika Kiarabu. Waarabu wanasema ni'ma, na katikati kuna herufi yao inayoitwa ain, ambayo inatamkwa ndani kabisa ya koo. Kiswahili hakina sauti hiyo. Ilipoondoka, ziliachwa irabu mbili zimekaa pamoja: Ne-e-ma. Ni vilevile kwa maneno saa, jamaa na taarifa. Kwa hiyo zile e mbili si mapambo. Jina lina silabi tatu, na sauti inapanda kwenye e ya pili.

Neno hili lilifika kwetu Kongo ya mashariki pamoja na Kiswahili chenyewe. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora hadi Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika kwenda Uvira, na wengine wakafika mpaka Kasongo huko Maniema. Misafara ile ilitafuta pembe za ndovu na watumwa, haikuleta neema yoyote. Lakini lugha yake ilibaki. Baadaye wamisionari walihubiri kwa Kiswahili, na Biblia ya Kiswahili ikalitumia neno hili mara nyingi. Hapo likawa jina la mtoto.

Maana yake ni nini?

Maana ya kwanza ni wingi wa vitu vizuri. Wakulima wakisema "mwaka wa neema," wanataka kusema mvua ilinyesha vizuri na mavuno yalijaa. Mtu aliyefanikiwa tunasema ameneemeka.

Maana ya pili ni ya dini. Kwa ndugu zetu Waislamu, neema ni kila jema ambalo Mwenyezi Mungu anamjalia mja wake: afya, watoto, mvua, chakula, hata pumzi. Kwa Wakristo, neema ni wema wa Mungu ambao mtu anaupata bila kuustahili na bila kuulipia. Ndiyo maana jina hili utalikuta kanisani na msikitini pia.

Sasa angalieni vizuri. Wale wanaomcheka mwanafunzi wangu wanajua maana ya kwanza tu. Wanafikiri Neema ni ghala lililojaa. Kumbe neema ni kile kilichokuja wakati huna cha kulipa.

Ndugu za Neema

Grâce, jina ambalo wengi wetu tunalo kwa Kifaransa, lina maana hiyohiyo. Hana wa kwenye Biblia pia, kwa Kiebrania, na kutoka Hana tukapata Anna. Naima ni ndugu wa damu kabisa, anatoka katika mzizi uleule wa Kiarabu. Na kuna mwingine ambaye wengi hawamjui: Naomi. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na mzizi wa Naomi ndio huohuo wa Neema. Kwa Kiebrania maana yake ni uzuri, utamu.

Naomi alikuwa mkimbizi kama sisi. Njaa ilipoingia Bethlehemu, yeye na mume wake Elimeleki na watoto wao wawili walikimbilia nchi jirani ya Moabu. Huko mume akafa, na watoto wote wawili wakafa. Baada ya miaka kama kumi akarudi nyumbani pamoja na mkwe wake Ruthu. Wanawake wa kwao walipomshangaa, aliwaambia wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, yaani chungu. Aliona jina lake limekuwa la uongo.

Nilisoma kitabu cha Ruthu mpaka mwisho nikitafuta ni nani aliyemwita Mara. Hayupo hata mmoja. Kitabu kinaendelea kumwita Naomi. Mwishoni majirani wanashangilia mjukuu, Obedi, anayelala kifuani pake, nao bado wanamwita Naomi. Yeye alichoka na jina lake, lakini watu walimtunzia.

Linapendwa wapi?

Utalikuta Kivu zote mbili, Burundi, Rwanda, Tanzania na Kenya. Kwenye daftari langu la mahudhurio peke yake wako Neema wanne, naita kwa jina la baba ili nisichanganye. Kuna pia Neema Namadamu, mama aliyezaliwa katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini. Alipata polio akiwa mdogo, ikamwachia ulemavu, lakini alisoma mpaka chuo kikuu, kisha akaanzisha harakati ya wanawake ya Maman Shujaa huko Bukavu. Jina halikumzuia kupata shida, na shida haikumfuta jina.

Mama alinieleza

Nilikwenda kumwona mama wa mwanafunzi wangu, nikamuuliza kwa nini alichagua jina lile. Aliniruhusu niandike, bila kutaja jina lake. Alisema hivi:

"Mwalimu, tulivuka ziwa usiku, mimba yangu ya mwezi wa tisa. Mutoto alizaliwa asubuhi ku muchanga, mbele ya kufika ku kituo. Sikukuwa na hata kitambaa. Mama mumoja, mwenye sikujua hata jina yake, akatosha kitenge yake, akafunika mutoto, akaenda. Sikumuona tena. Ningemulipa nini? Njo nikamwita Neema."

Binti alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza. Hakuwahi kusikia habari hiyo. Alimuuliza mama yake kitu kimoja tu: "Kile kitenge kiko wapi?" Mama akaingia ndani, akakitoa. Kimechakaa, lakini kipo.

Tangu siku ile hajaniambia tena habari ya kubadilisha jina.

Neno kwa wazazi

Tulipoangalia karatasi za binti huyo, tulikuta shuleni ni Neema, kwenye karatasi ya familia ni Nema, na kwenye kadi ya kliniki ni Nehema. Watu watatu kwa mtoto mmoja! Mwaka huu anafanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Cheti kikitoka na jina moja na karatasi nyingine zina jina lingine, kesho atapata taabu kuonyesha kwamba ni yeye. Kwa hiyo:

1. Leo jioni toeni karatasi zote za watoto, mlinganishe majina herufi kwa herufi.
2. Mkikuta tofauti, nendeni kwenye ofisi ya usajili mapema, msingoje wakati wa mitihani.
3. Anayewaandikia jina, mwambieni herufi moja moja: N, E, E, M, A. Halafu ombeni kusoma kabla hamjaondoka. Asiyejua kusoma aende na mtoto wa shule.
4. Mwambieni mtoto kwa nini mlimpa jina lake. Msingoje achekwe kwanza.

Mwezi ujao tutaangalia jina la Riziki. Mwenye habari ya jina hilo aniletee shuleni, hata kwa mdomo tu, nitaandika. Mbaki salama.

Mwalimu wenu wa kujitolea