Foleni Moja Yatosha

Kuna kauli inayotembea miongoni mwa vijana wetu wa kompyuta, nao huitamka kwa fahari kama waliovumbua dawa: kwamba kerneli ni kokoto barabarani, na dawa ya kokoto ni kuiondoa. Mimi nasema kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Na nusu ya ukweli ina madhara kuliko uongo mtupu, kwani uongo mtupu hufichuka upesi.

Najua wapo watakaouliza mkuu wa chuo cha ualimu mstaafu ana haja gani na kadi za mtandao. Jibu ni fupi. Walimu tuliowafundisha ndio wanaofundisha kompyuta hivi leo, na wanafunzi wao ndio wanaokabidhiwa seva za shule, za vyuo na za hospitali. Kosa la fikra likiingia darasani halibaki darasani.

Tuanze na maana ya maneno. Kerneli ni moyo wa mfumo endeshi: ndiyo igawayo kumbukumbu, ndiyo ipangayo zamu za prosesa, na ndiyo ipokeayo kila pakiti ya data itokayo kwenye waya na kuamua ni ya programu ipi. Programu za kawaida hukaa nje ya moyo huo, katika uwanja wa watumiaji, na kila zikihitaji kitu hubisha hodi. Kadi ya mtandao nayo si mlango mmoja kama wengi wadhanivyo. Kadi za kisasa zina foleni nyingi; kadi ya Intel iitwayo 82599, kwa mfano, ina foleni 128 za kupokea na 128 za kupeleka. Pakiti ikiingia, kadi yenyewe hutazama anwani ya itokako na ya iendako pamoja na namba za poti, hupiga hesabu fupi, kisha huiweka katika foleni mojawapo, ili viini mbalimbali vya prosesa vigawane kazi. Ukilishika jambo hili moja, mengine yote nitakayosema ni mepesi.

Sasa, lalamiko dhidi ya kerneli si la uzushi, nami sitalidharau. Waya wa gigabiti 10 kwa sekunde, ukijazwa fremu ndogo kabisa za Ethernet, yaani za baiti 64, hupitisha fremu zipatazo milioni 14.88 kila sekunde. Gawanya mwenyewe: kila moja ina nanosekunde 67.2 tu. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo yapatayo 200 katika muda huo. Ndani ya mapigo hayo kerneli yatakiwa itenge kumbukumbu, ijaze maelezo ya pakiti, iipitishe kwenye ngazi za itifaki, iikague kwa kanuni za usalama, kisha iinakili kwenda kwa programu. Kwa kiini kimoja cha prosesa haiwezi. Mwaka 2015 wahandisi wa kampuni ya Cloudflare waliandika kwamba Linux ya kawaida humudu pakiti kama milioni 1 kwa sekunde, ilhali kadi za gigabiti 10 zaweza kushughulikia milioni 10 na zaidi.

Wala lalamiko hili si jipya. Mwaka 1995 Thorsten von Eicken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walitoa U-Net, mfumo ulioipa programu njia ya moja kwa moja hadi kwenye kadi, huku kerneli ikibaki na kazi ya kusajili na kulinda. Mwaka 2012 Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa alionyesha kwa netmap kwamba kiini kimoja cha prosesa, kikienda kwa megahezi 900 tu, chaweza kuujaza waya wa gigabiti 10. Basi hatubishani kama njia ya mkato inawezekana. Tunabishana nani abaki na nyumba baada ya njia hiyo kukatwa.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Kundi moja linashika DPDK, mkusanyo wa maktaba ulioanzishwa na Intel, na kwa kadi nyingi matumizi yake ni haya: draiva ya kerneli huvuliwa, kadi nzima hukabidhiwa programu moja, na tangu dakika hiyo kerneli haioni kitu. Ukiuliza mfumo una kadi zipi, ile haimo katika orodha. Ukifungua tcpdump ili uchunguze hitilafu, hukuti hata pakiti moja. Kanuni za ukuta wa moto ulizoziandika kwa miaka hazina pa kusimama. Hata swali dogo la jirani kwenye waya, la kuuliza nani mwenye anwani hii, halijibiwi mpaka programu yenyewe ifundishwe kujibu.

Kila aliyepita shule ya msingi anakijua kisa cha ngamia aliyeomba kuingiza kichwa tu hemani kwa sababu ya baridi. Mwisho wa kisa mwenye hema alilala nje. Ajabu ni kwamba waliomtoa mwenye hema walilazimika tena kumtafutia njia ya kupata wageni wake: DPDK ilikuwa na kiunganishi kiitwacho KNI, ambacho kazi yake ilikuwa kuzirudishia kerneli pakiti zilizo zake. Kiliondolewa mwaka 2023, na wenye haja hiyo wakaelekezwa kwenye njia nyingine. Mtu akikunyang'anya ufunguo, kisha akakutobolea tundu ukutani ili upitishiwe chakula, je, amekurahisishia maisha?

Kundi la pili, ambalo mimi nipo upande wake, linasema: kadi ina foleni nyingi, basi mpe mwenye haja foleni moja na nyingine ziachie kerneli. Fikiria posta yenye madirisha kumi. Akija mfanyabiashara mwenye magunia ya barua kila asubuhi, busara ni kumtengea dirisha la nne, na kumwambia karani wa mlangoni kila gunia lenye chapa yake lielekezwe huko. Hakuna anayemfukuza mkuu wa posta na kufunga madirisha tisa yaliyobaki kwa sababu ya magunia ya mtu mmoja.

Na hili si ndoto ya mzee. Mwaka huo wa 2015 wahandisi wale wale wa Cloudflare, waliokuwa wakipambana na mafuriko ya pakiti za hila, waliirekebisha netmap ili iweze kuchukua foleni moja tu ya kupokea, zilizobaki zikiendelea kuhudumiwa na kerneli kama kawaida. Kwa kadi inayokubali kanuni hizo, matayarisho ni amri mbili za ethtool. Ya kwanza huiambia kadi isiiweke foleni namba 4 katika mgao wake wa kawaida. Ya pili huiambia: pakiti za UDP ziendazo poti 53, ambayo ndiyo ya maswali ya DNS, ziende foleni namba 4. Programu inashika foleni hiyo peke yake. Amri mbili, na hema bado lina mwenyewe.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani wangu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni kasi. Wanasema mwenye kutaka kasi hana budi kuchukua kila kitu. La hasha. Kasi ya njia ya mkato inatokana na mambo matatu: kutonakili data, kutobisha hodi kwa kila pakiti, na kuhudumia pakiti kwa mafungu badala ya moja moja. Yote matatu yanapatikana ndani ya foleni moja. Foleni moja isipotosha, chukua mbili, chukua nne. Lakini kuinyima kerneli foleni ambazo huzitumii hakukuongezei hata pakiti moja. Huo ni uroho uliovishwa kanzu ya utaalamu.

Hoja ya pili ni kwamba kadi siku hizi ni rahisi, basi nunua ya pili kwa ajili ya kerneli. Hoja hii ni ya watu wenye ghala. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa na seva moja yenye waya mmoja. Kijana wa mkataba aliyetaka kuchunguza wingi wa maswali ya DNS aliifuata kanuni aliyoisoma, akaikabidhi kadi nzima kwa programu yake, naye akifanya kazi hiyo kwa mbali. Programu ilikwenda vizuri sana. Lakini mlango aliopitia kuingia ndani ya seva ulikuwa kadi ile ile, na seva ile ndiyo iliyobeba alama za mazoezi ya kufundisha za wanachuo. Mlango ukafungwa, naye yu nje. Ilibidi mtu apande basi na kiwambo mkononi na kibodi kwenye mkoba, na siku mbili wakufunzi hawakuweza kutoa alama. Kadi ya pili ingetaka waya wa pili na nafasi ya pili kwenye swichi, navyo havikuwapo. Foleni ya pili ilikuwapo tangu siku ile kadi ilipotoka kiwandani.

Aidha, wasimulizi wa bei rahisi husahau umeme. Kwa desturi, programu za DPDK huzunguka bila kupumzika zikiuliza kadi, je, kuna kitu, je, kuna kitu, hata usiku wa manane kusipokuwa na kitu. Kiini cha prosesa huonekana kina kazi asilimia 100 saa zote. Penye jenereta, hiyo ni dizeli.

Hoja ya tatu ni urahisi: mwenye nyumba mmoja hana ugomvi. Kwa kweli hapa ndipo ugomvi unapoanza, kwani anayeitoa kerneli anazirithi kazi zake. Ataandika upya TCP, pamoja na kupeleka tena kilichopotea na kupunguza mwendo barabara inapojaa. Ataandika upya ukaguzi, takwimu na ulinzi wa kumbukumbu. Kazi hiyo imewachukua watu wengi miaka mingi, na mtu mmoja hataimaliza kwa muhula. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Tena dunia yenyewe imesogea kuelekea upande wa ushirika. Mwaka 2016 Linux ilipokea XDP, inayoruhusu programu ndogo iliyokaguliwa kuamua hatima ya pakiti mapema kabisa, ndani ya draiva: itupwe, irudishwe ilikotoka, ipelekwe kwingine, au iachiwe kerneli. Mwaka 2018, katika toleo la 4.18, ikaongezwa soketi ya AF_XDP, kazi iliyoongozwa na Björn Töpel na Magnus Karlsson wa Intel. Soketi hiyo hufungwa kwenye foleni moja ya kadi kwa namba yake. Programu na kerneli hushirikiana eneo moja la kumbukumbu, na pakiti isiyo ya programu hupitishwa kwa kerneli bila kelele. Mwaka huo huo Facebook walitoa hadharani Katran, mgawa mizigo wao unaotumia XDP, na faida mojawapo waliyoieleza ni kwamba unaweza kukaa ndani ya seva ile ile yenye programu nyingine. Wenye mizigo mikubwa kiasi hicho wakiona fahari kushirikiana, sisi wenye seva moja tunajivunia nini kufukuzana?

Haki inanitaka niseme pia yaliyo upande wa pili. Ipo mashine ambayo kazi yake yote ni kupitisha pakiti, yenye mlango wake tofauti wa usimamizi. Hiyo na ichukuliwe nzima, sina neno. Tena DPDK yenyewe si adui: kwa baadhi ya kadi, kama zile za Mellanox, hufanya kazi sambamba na draiva ya kerneli, na pakiti zisizoelekezwa kwa programu hubaki za kerneli. Wala kushirikiana hakukosi gharama. Kanuni ya kuelekeza ikiandikwa vibaya, pakiti za watu wengine zitaangukia foleni isiyo yao. Programu ikifa, foleni yake haina mhudumu, hivyo lazima uamuliwe mapema mwendo wa pakiti zake. Hayo ni mambo ya kujifunza, na yanafundishika.

Ninachokidai kwa walimu ni utaratibu. Mwanafunzi apime kwanza ni pakiti ngapi kwa sekunde zinazoingia, kwani seva nyingi za shule hazifiki hata sehemu ndogo ya ile milioni 1 ya kerneli ya kawaida, na hazihitaji njia ya mkato yoyote. Akishapima na kuona haja ipo, ahesabu kadi yake ina foleni ngapi. Kisha atenge anayoihitaji, aelekeze humo pakiti za kazi yake tu, na ahakikishe njia ya msimamizi imebaki mikononi mwa kerneli kabla hajagusa kitu. Asiyeweza kueleza kwa nini foleni moja haimtoshi asipewe kadi nzima, hata akiomba kwa ufasaha namna gani.

Kwani ruhusa hupimwa kwa haja. Tuliwafundisha hivyo walimu waliopewa ufunguo wa stoo ya chaki, na kadi ya mtandao ya gigabiti 10 haina hadhi ya kupita kanuni hiyo.